Maswali yenu kuhusu Jacques Chirac

Wiki mbili zilizopita niliandika juu ya wanasiasa wanaoshindwa uchaguzi bila kuondoka kwenye siasa, nikamtaja kwa mistari mitatu Jacques Chirac, Rais wa Ufaransa kuanzia 1995 hadi 2007. Makala ilikuwa ndefu, lakini mistari hiyo mitatu ndiyo iliyoniletea ujumbe. Maswali nimeyafupisha, na majina ya waulizaji nimeyaacha.

Kwa jumla alikaa madarakani miaka mingapi? (Msomaji wa Mwanza)

Tukianzia kura ya kwanza aliyopigiwa, miaka 42. Machi 1965 alichaguliwa diwani wa Sainte-Féréole, kijiji cha ukoo wake huko Corrèze, katikati ya Ufaransa. Mwaka 1967 akawa mbunge wa Ussel, mkoa huohuo, na kabla mwaka haujaisha akaingia serikalini akiwa na miaka 34. Baadaye akapewa wizara ya kilimo, kisha ya mambo ya ndani. Akawa waziri mkuu mara mbili (1974 hadi 1976, na 1986 hadi 1988), meya wa Paris kwa miaka 18 (1977 hadi 1995), na rais kwa miaka 12. Katika Jamhuri ya Tano, yaani mfumo wa utawala wa Ufaransa tangu 1958, aliyemzidi kwa kukaa Ikulu ya Élysée ni François Mitterrand peke yake, miaka 14.

Mimi huwa naitazama orodha hiyo nikitafuta mapengo, na siyaoni. Tangu 1965 hadi Mei 2007 haukupita hata mwezi mmoja bila Chirac kuwa na cheo fulani cha kuchaguliwa, kikubwa au kidogo.

Mzee, mtu mmoja anawezaje kuwa meya, mbunge na waziri mkuu? Hapa Kenya gavana hawezi kuwa mbunge papo hapo. (Nakuru)

Kwa Wafaransa kuvaa kofia mbili au tatu lilikuwa jambo la kawaida kabisa. Mbunge kuwa meya, ruksa. Waziri kuwa meya, ruksa. Waziri kuwa mbunge ndiyo hairuhusiwi, ila hata hapo palikuwa na mlango wa uani: kila mgombea ubunge husimama na mbadala wake, na mwenye kiti akiteuliwa waziri, mbadala hukikalia. Sheria ya 1985 ilipunguza kofia hizo, na ile ya 2014, iliyoanza kutumika 2017, ikamkataza mbunge kuwa meya. Wakati huo Chirac alikuwa amestaafu miaka kumi.

Kwa maoni yangu hapa ndipo penye siri ya maisha yake yote ya siasa. Mwaka 1976 alipojiuzulu uwaziri mkuu, aliyekuwa akimsubiri ni Corrèze, ambako tayari alikuwa mwenyekiti wa baraza la mkoa. Mei 1988 alipogaragazwa na Mitterrand kwenye uchaguzi wa rais, asilimia 54 kwa 46, alitoka ofisi ya waziri mkuu, akavuka mto Seine, akaendelea na kazi yake ya umeya upande wa pili. Ofisi ipo, dereva yupo, wasaidizi wapo, bajeti ya jiji kubwa ipo. Mwingine akishindwa hurudi nyumbani akakae barazani na kahawa. Yeye alirudi kazini.

Umeya wenyewe ulikuwa kama umeshonwa kwa vipimo vyake. Serikali kuu ya Ufaransa ilikuwa ikiwaogopa watu wa Paris, kwa hiyo kwa zaidi ya miaka mia jiji lile halikuwa na meya. Cheo kiliporudishwa 1977, Rais Valéry Giscard d'Estaing alikuwa na mtu wake wa kukikalia, Michel d'Ornano. Chirac akajitosa, akamshinda.

Ni kweli aliwasaliti wenzake wote? (Tanga)

Wote, hapana. Ila orodha si fupi, na yeye mwenyewe alionjeshwa dawa ile.

Rais Georges Pompidou, aliyemlea kisiasa na kumwita tingatinga lake, alifariki Aprili 1974 akiwa madarakani. Chama cha wafuasi wa Jenerali de Gaulle kilikuwa na mgombea, Jacques Chaban-Delmas, shujaa wa vita na meya wa Bordeaux. Chirac, waziri wa mambo ya ndani wakati huo, alikusanya wenzake wakatia saini tamko la watu 43 lililomkata miguu Chaban na kumnufaisha Giscard, ambaye hata hakuwa wa chama chao. Giscard akashinda, na Chirac akawa waziri mkuu akiwa na miaka 41. Malipo yalikuwa ya papo kwa papo.

Ndoa ile haikutimiza miaka miwili na nusu. Agosti 1976 Chirac alijiuzulu hadharani, akisema hakupewa nyenzo za kufanya kazi yake, na Desemba akaunda chama chake, RPR. Mwaka 1981 aligombea urais dhidi ya Giscard, akawa wa tatu kwa asilimia 18. Duru ya pili ikabaki Giscard na Mitterrand. Wafuasi wake wakasubiri neno. Alichosema ni kwamba yeye binafsi angempigia Giscard, na kila mtu aifuate dhamiri yake. Anayejua lugha ya siasa alielewa. Giscard akaanguka, na kinyongo hicho hakumwachia.

Halafu zamu ikageuka. Mwaka 1993 upande wao, mrengo wa kulia, ulishinda ubunge wakati Mitterrand bado ni rais. Chirac alikwisha kuonja uwaziri mkuu chini ya rais mpinzani, ile ndoa ya mkeka ya 1986 hadi 1988, na hakutaka tena. Akamwachia kiti rafiki yake wa miaka thelathini, Édouard Balladur, kwa matumaini kwamba huyo ataongoza serikali na yeye Chirac atagombea urais. Balladur akapendwa na watu, akapenda kupendwa, akagombea. Wengi wa chama wakahamia kwake, akiwamo kijana mmoja aliyekuwa karibu sana na Chirac, Nicolas Sarkozy. Kura za maoni mwanzoni mwa 1995 zilionyesha Chirac amekwisha. Aprili akampita Balladur, asilimia 20.8 kwa 18.6, na Mei akamshinda Lionel Jospin wa chama cha kisoshalisti. Ilikuwa mara yake ya tatu kugombea.

Kuna jambo moja hunichekesha. Ufaransa ina Baraza la Katiba, na marais wastaafu ni wajumbe wake wa maisha. Kwa hiyo kuanzia 2007 Giscard na Chirac, wazee wawili wasiopikika chungu kimoja, walijikuta wajumbe wa baraza hilohilo.

Bibi yangu alikuwa Mngazija. Huyu Chirac alihusika vipi na kukatwa kwa Maore (Mayotte) kutoka Komoro? (Zanzibar)

Swali lako linastahili makala yake. Chirac hakuwa mwasisi wa jambo hilo, lakini ndiye aliyekuwa waziri mkuu lilipofanyika.

Desemba 1974 watu wa visiwa vinne vya Komoro, Ngazija, Nzuwani, Mwali na Maore, waliulizwa kama wanataka uhuru. Kwa ujumla, zaidi ya asilimia 90 walisema ndiyo. Ila Maore peke yake, wengi walisema hapana. Paris ikabaki na maswali mawili: kura inahesabiwa kwa visiwa vyote kama nchi moja, au kila kisiwa na chake? Bunge la Ufaransa likaelekea kwenye kila kisiwa na chake. Ahmed Abdallah, kiongozi wa serikali ya visiwa hivyo, alipoona hivyo hakungoja, akatangaza uhuru tarehe 6 Julai 1975. Ufaransa ikautambua uhuru wa visiwa vitatu, ikaendelea kuishikilia Maore, na Februari 1976 ikaitisha kura nyingine pale kisiwani, iliyotoa jibu la kubaki. Azimio la kuilaumu lilipofika Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa mwezi huohuo, Ufaransa ililizima kwa kura yake ya turufu. Yote hayo kabla Chirac hajajiuzulu.

Miaka ishirini baadaye jina lake linarudi. Mwishoni mwa Septemba 1995, miezi minne tu tangu aapishwe, mamluki Bob Denard alishuka Moroni usiku na watu wake akamkamata Rais Said Mohamed Djohar. Denard alikuwa amefanya mapinduzi Komoro zaidi ya mara moja, na kwa miaka mingi Paris ilikuwa ikiangalia pembeni. Safari hii Chirac alituma wanajeshi, na katika siku chache Denard alijisalimisha. Alistahili sifa hapo, ingawa Djohar naye hakurudishwa kitini moja kwa moja. Alipelekwa Réunion.

Sasa jambo linalowagusa jamaa zako leo zaidi ya hayo yote. Tangu Januari 1995 mtu wa Nzuwani hawezi kuvuka kwenda Maore, kilomita 70 hivi, bila viza. Aliyeiweka ni serikali ya Balladur, na Wakomoro mpaka leo huiita viza ya Balladur. Chirac aliingia Ikulu miezi minne baadaye, akakaa miaka 12, akaiacha vilevile. Wanaozama kwenye viboti vile viitwavyo kwassa-kwassa wanazama kwa sababu ya mpaka huo. Mwaka 2011 Maore ikawa mkoa kamili wa Ufaransa.

Asilimia 82 mwaka 2002! Alipendwa kiasi hicho? (Bujumbura)

Hapana. Duru ya kwanza alipata asilimia 19.88, kiasi kidogo mno kwa rais aliyeko madarakani. Wagombea walikuwa 16, mrengo wa kushoto ukagawana kura kama mirathi isiyo na wosia, na Jospin akatolewa kwa tofauti isiyofika kura laki mbili. Aliyepita nafasi ya pili ni Jean-Marie Le Pen wa mrengo mkali wa kulia. Nchi ikashtuka. Watu ambao hawakuwahi kumpigia Chirac maishani walikwenda kumpigia, na wengine walipita mitaani na mabango yanayosema afadhali tapeli kuliko fashisti. Hebu fikiria unashinda kwa asilimia 82.21 na kauli mbiu ya wapigakura wako ni hiyo.

Mwenzake angeunda serikali yenye sura ya watu wote waliompigia. Yeye aliunda ya upande wake. Kwa jumla hilo ndilo doa ninalomwekea: alikuwa bingwa wa kukipata kiti kuliko kukitumia. Mwaka 1997 alikuwa na wabunge tele wa upande wake, akavunja Bunge mwaka mmoja kabla ya wakati, akashindwa, akalazimika kuishi na Jospin kama waziri mkuu kwa miaka mitano. Hakuna aliyemlazimisha.

Mimi namkumbuka kwa Iraki tu. Kuna jingine jema? (Muscat)

Iraki inatosha kumkumbuka mtu. Machi 2003 alisema kwenye televisheni kwamba Ufaransa ingepinga azimio la vita, hata ikibidi kutumia kura ya turufu, na hakurudi nyuma.

Jingine, na mimi naliweka juu zaidi, ni la tarehe 16 Julai 1995. Mwaka 1942 polisi wa Paris waliwakamata Wayahudi wapatao 13,000, wakiwamo watoto zaidi ya 4,000, wakakabidhiwa Wajerumani. Kwa miaka 50 marais walisema hiyo haikuwa Ufaransa, ilikuwa serikali ya Vichy, ile iliyoshirikiana na Wajerumani wakati wa vita. Chirac alisimama hadharani akasema dola ya Ufaransa ilisaidia uovu ule. Mitterrand alikataa kulitamka hilo mpaka mwisho.

Alifungwa au hakufungwa? (Arusha)

Alihukumiwa, hakwenda jela. Kesi ilihusu ajira hewa: watu waliolipwa mshahara na jiji la Paris ilhali kazi yao ilikuwa ya chama. Akiwa rais hakuweza kushtakiwa. Tarehe 15 Desemba 2011 mahakama ikampa kifungo cha miaka miwili cha nje. Tangu Pétain, aliyeongoza ile serikali ya Vichy, mwaka 1945 hakuna kiongozi wa nchi wa Ufaransa aliyekuwa amehukumiwa. Chirac hakuwepo mahakamani kwa sababu kumbukumbu zilikwisha kuanza kumtoka, na hakukata rufaa. Jiji lilikuwa limelipwa fidia ya euro milioni 2.2, sehemu kubwa ikitoka kwenye chama. Alain Juppé, aliyekuwa msimamizi wa fedha za jiji, alihukumiwa mapema, 2004.

Rudi kwenye swali la Nakuru utaona uhusiano. Ile ofisi ya umeya iliyompokea kila alipoanguka ndiyo pia iliyomfikisha kizimbani.

Kama alikuwa hivyo, mbona walimlilia alipofariki? (Dodoma)

Alifariki 26 Septemba 2019 akiwa na miaka 86, na foleni ya kumuaga ilikuwa ya masaa. Giscard naye alikuja mazishini, akiwa na miaka 93.

Walimlilia kwa sababu alijua kukaa na watu. Kwenye maonyesho ya kilimo ya Paris, ambayo wanasiasa wengine huyapitia wakiwa na haraka ya kuondoka, yeye alishinda kutwa nzima: anapiga ng'ombe kofi la mapaja, anaonja jibini, anakunywa bia, anashika mikono mpaka yake inachubuka. Pale Corrèze mwenye shida ya pensheni au mtoto asiye na kazi alijua mlango wa kugonga. Mkewe Bernadette alikuwa diwani wa baraza la mkoa huo tangu 1979 hadi 2015, yaani kwenye baraza hilo alimpita mumewe kwa kudumu.

Mwaka 1981 chama cha kisoshalisti kilimpeleka Ussel kijana asiyejulikana kugombea ubunge dhidi yake. Kijana akashindwa, lakini akabaki Corrèze, akawa meya wa Tulle, akawa mwenyekiti wa baraza la mkoa. Jina lake François Hollande. Juni 2011 walikutana kwenye makumbusho ya zawadi za urais, kijijini Sarran, na mbele ya kamera Chirac akasema uchaguzi ujao wa rais atampigia Hollande, si Sarkozy wa upande wake. Kesho yake akatoa taarifa kwamba ule ulikuwa utani wa watu wa Corrèze.