Ukizidiwa na mawazo, anza kwa kutoa pumzi

Watu wakikuona umechanganyikiwa hukwambia, "Vuta pumzi ndefu." Ushauri huo haujakamilika. Mwenye msongo wa mawazo huwa tayari anahema juujuu, kifua kimejaa na mabega yamepanda. Ukimwambia avute zaidi, anashindilia hewa mahali palipokwisha jaa. Mimi nilianza kupata nafuu nilipoacha kushughulika na kuvuta, nikashughulika na kutoa.

Sababu yake iko mwilini. Ukivuta pumzi, moyo huongeza kasi kidogo, ukiitoa, hupunguza. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, upumue taratibu: huenda ukausikia moyo ukibadili mwendo. Breki hiyo huendeshwa na neva ya vagasi, inayotoka kwenye ubongo na kushuka hadi moyoni na tumboni. Kwa hiyo pumzi ya kutoka ikizidi urefu ile ya kuingia, moyo hupata muda mrefu zaidi wa kutulia. Moyo hauamrishiki, lakini pumzi inaamrishika, na huo ndio mlango tunaoupitia.

Mimi hukaa nimeegemea, nyayo zikiwa sakafuni, mkono mmoja kifuani na mwingine tumboni. Naanza kwa kutoa hewa iliyomo, bila kuikamua. Kisha navuta kwa pua nikihesabu kimoyomoyo hadi 4. Mkono wa tumboni ndio unaotakiwa kuinuka. Wa kifuani ukipanda sana, bado unapumulia juu. Halafu naitoa polepole, midomo ikiwa imebanwa kidogo, nikihesabu hadi 6. Kwa mwendo huo unapata takriban pumzi 6 kwa dakika, ilhali mtu mzima aliyetulia kwa kawaida huvuta 12 hadi 20. Dakika 5 zinatosha. Ukiona hesabu inakubana, fanya 3 kwa 5. Wanaong'ang'ania namba kamili hujitafutia msongo mwingine.

Wengi hukwama kwenye kizunguzungu. Umepumua mara chache tu, kichwa chepesi, ganzi vidoleni na pembeni mwa mdomo, unaanza kuogopa kwamba unakufa. Kinachotokea ni kwamba unapumua kwa nguvu mno, kaboni dayoksaidi katika damu inashuka kupita kiasi, na mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo inajibana. Usiongeze bidii. Acha zoezi, pumua kawaida mpaka hali itulie, kisha ukirudi vuta kidogo zaidi. Pumzi inayotuliza si lazima iwe kubwa. Inatakiwa iwe ya taratibu.

Kuna pia mtindo wa 4-7-8 uliopata umaarufu kupitia daktari Andrew Weil wa Marekani, ambao unakutaka uvute kwa hesabu ya 4, ubane pumzi kwa hesabu ya 7, kisha utoe kwa hesabu ya 8. Baadhi ya watu unawalaza vizuri. Mimi siupendi, maana mtu aliyekwisha kuwa na hofu akibana pumzi huona kama anakabwa.

Nikiwa na haraka, labda dakika moja kabla ya kikao kigumu, navuta kwa pua, naongeza kipande kidogo juu yake kabla sijatoa, kisha naishusha yote kwa mdomo, polepole. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha utafiti uliowahusu watu waliofanya hivyo dakika 5 kila siku kwa mwezi mmoja, na hisia zao ziliboreka kuliko za waliofanya tafakuri ya kimya.

Jizoeze siku ambazo huna tatizo, kitandani kabla ya kulala kwa mfano. Ukisubiri mpaka mikono itetemeke ndipo ujifunze, utakuwa umechelewa. Na usitarajie pumzi ilipe deni au imnyamazishe bosi mkorofi; itakupa tu kichwa cha kupangia hatua inayofuata. Maumivu ya kifua yanayosambaa mkononi au kwenye taya si ya kufanyia mazoezi, hayo ni ya kukimbilia hospitali. Mwenye pumu asiache dawa zake.

Wapo pia ambao kuifuatilia pumzi huwazidishia wasiwasi. Kama ni wewe, usikae. Tembea taratibu, vuta kwa hatua 3, toa kwa hatua 4 au 5, macho yakiwa mbele.