Maswali na Majibu: Urukususu na Vidonda vya Tumbo

Nimeambiwa kuwa urukususu, ule mzizi mtamu wa kutafuna, huponya vidonda vya tumbo. Je, ni kweli?

Ukweli upo, ila una mipaka. Mwaka 1946 daktari wa Uholanzi, F. E. Revers, aliandika kwamba wagonjwa wake wa vidonda walipata nafuu kwa dawa ya urukususu, lakini baadhi yao walivimba mwili. Baadaye Waingereza walitengeneza kutokana na mzizi huo dawa ya kabenoksoloni, ambayo majaribio ya miaka ya 1960 yalionyesha kuwa huharakisha kupona kwa vidonda.

Hulindaje tumbo?

Haifanyi kazi kama omeprazoli, ambayo hupunguza tindikali. Kabenoksoloni huongeza ute unaofunika ukuta wa ndani wa tumbo, na huchelewesha kuvunjwa kwa prostaglandini, kemikali za mwili zinazochochea ute huo.

Nina presha, nami natumia dawa za kuongeza mkojo. Naweza kuendelea kutafuna mzizi huu kila asubuhi?

Tafadhali acha, ndugu yangu, na umweleze daktari wako ili apime presha na potasiamu. Glisirizini iliyomo katika mzizi, ikishameng'enywa, huzuia kimeng'enya cha figo kinachodhibiti homoni ya kotisoli, na hapo figo hubakiza chumvi na maji huku zikipoteza potasiamu. Presha hupanda, misuli huishiwa nguvu, na mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika. Na kwa kuwa dawa nyingi za kuongeza mkojo nazo hupoteza potasiamu, hatari yako ni kubwa zaidi. Madhara hayo hayo yalichangia kabenoksoloni kuachwa, baada ya simetidini, dawa ya kupunguza tindikali, kuingia sokoni mwaka 1976. Wajawazito nao wauepuke.

Na vidonge vilivyoondolewa glisirizini?

Hatari ya presha hupungua sana, lakini majaribio yake juu ya vidonda yamepingana. Sishauri mtu avitegemee.

Basi mwenye vidonda afanye nini?

Apime kwanza. Vidonda vingi husababishwa na bakteria wa Helicobacter pylori, waliooteshwa maabara na Barry Marshall na Robin Warren mwaka 1982, au na dawa za maumivu kama diklofenaki na aspirini. Bakteria hao hugunduliwa kwa kipimo cha choo au cha pumzi, na hutibiwa kwa antibiotiki pamoja na dawa ya kupunguza tindikali, mara nyingi kwa siku 14. Anayetapika damu au kupata choo cheusi kama lami aende hospitali siku hiyo hiyo.