Sabuni yenye harufu ya keki: niliyojifunza kwa mafuta ya mise

Mara ya kwanza nilipotia manukato ya vanila katika sabuni ya mise, yaani mafuta ya kokwa za michikichi, niliitoa kwenye kiboksi ikiwa nyeupe kama maziwa, nikaipanga juu ya ubao na kumwahidi dada mmoja wa Mwanga, hapa Kigoma, kwamba ataipata kwa ajili ya zawadi za harusi. Baada ya wiki mbili ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na wiki ya nne ilikuwa imekolea mfano wa sukari guru. Niliumia, na kwa siku kadhaa nilimshuku bure mama aliyeniuzia mafuta.

Mafuta hayakuwa na kosa. Harufu ya vanila hutokana na vanilini, nayo ikikaa ndani ya sabuni iliyotengenezwa kwa kostiki soda huwa ya kahawia taratibu kadiri siku zinavyopita. Karibu manukato yote yanayoiga tanuri la mwoka mikate, yawe ya keki, biskuti, karameli au maandazi ya iliki, yana vanilini ndani yake. Kwa hiyo kabla ya kununua, muulize muuzaji asilimia ya vanilini iliyomo. Kadiri inavyokuwa kubwa ndivyo sabuni itakavyokuwa nyeusi zaidi, na rangi nyeupe ya kuongeza haitaificha kabisa.

Siku hizi sipigani na rangi hiyo. Uji wa sabuni ukishaanza kuwa mzito kidogo, ninaugawa katika ndoo mbili, natia manukato katika ndoo moja tu, kisha namimina kwa tabaka: kahawia chini, nyeupe juu, kama keki iliyopakwa krimu. Nimeona hata hivyo kwamba baada ya miezi michache ukahawia hupenya kidogo kwenye weupe pale tabaka zinapogusana, kwa hiyo ninamweleza mteja mapema.

Kipimo changu ni gramu 25 hadi 30 za manukato kwa kila kilo ya mafuta, baada ya kuhakikisha kwamba hazizidi kiwango kilichoandikwa na mtengenezaji kwa bidhaa za ngozini. Mizani ndogo ya jikoni ni lazima, kwa sababu kifuniko cha chupa si kipimo. Yakiwa na mdalasini au karafuu ninapunguza sana, kwani viungo hivyo huweza kuwasha ngozi, na pia hugandisha uji ghafla kabla hujamaliza kuumimina. Sabuni hukaa wiki 4 hadi 6 mahali penye hewa kabla ya kuuzwa.

Wengi huniuliza kama arki ya vanila ya kupikia keki inafaa. Haifai. Imetengenezwa kwa ajili ya unga na mayai, harufu yake haivumilii kostiki soda, na katika mshumaa haichanganyiki na nta, bali hutengana nayo na kufanya utambi utatarike. Vivyo hivyo, manukato ya sabuni hayafai kutiwa katika mafuta ya midomo, ila yale ambayo mtengenezaji ameruhusu kwa kazi hiyo.

Jambo linaloniumiza moyo zaidi ni watoto. Mtoto wa jirani yangu, wa miaka mitatu, aliokota kipande cha sabuni ya biskuti kilichokuwa kinakauka dirishani akakiuma, na ingawa alikitema mara moja na tukamsuuza kinywa, kilio chake sijakisahau. Tangu siku hiyo sitengenezi sabuni yenye umbo la andazi wala kitumbua, hata mteja akiomba kwa bei nzuri. Ninakata vipande vya mraba, ninavikausha juu ya kabati, na kila kimoja ninakifunga kwa karatasi iliyoandikwa kwa herufi kubwa: SABUNI, SI CHAKULA.