Je, damu ya ukoo wetu haishiki VVU?

SWALI: Shikamoo Mama. Nina miaka 34, nauza mawese hapa Ujiji. Mume wangu ana VVU, na alianza dawa kabla hatujaoana. Huu mwaka wa 7, na mimi kila nikipima sina. Wifi yangu anasema ukoo wetu una damu kali isiyoshika ugonjwa huo. Mume wangu amemsikiliza, sasa anaruka vidonge. Kweli mtu anaweza kuzaliwa na kinga hiyo?
*Mama Watatu, Ujiji*

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na vidonge, maana hapo ndipo moyo uliponilipuka. Kilichokulinda miaka yote 7 ni dawa anazomeza mumeo. Mtu anayezimeza kila siku mpaka kipimo cha wingi wa virusi hakivioni tena, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Akiacha, kwa watu wengi virusi hupanda tena ndani ya wiki chache tu, na yeye mwenyewe huenda asisikie homa wala maumivu ya kumshtua.

Kuhusu damu, wifi yako ameokota jambo la kweli akaliweka pasipo pake. Wapo watu wachache wanaozaliwa na kinga. Kirusi kikitaka kuingia kwenye seli hujifunga kwanza kwenye nguzo mbili, kama mtumbwi unavyofungwa gatini. Nguzo moja huitwa CD4, ya pili mara nyingi ni CCR5. Mtu aliyerithi kwa baba na kwa mama pia jeni ya CCR5 (jeni ni kama maandishi ya urithi) iliyopungukiwa herufi 32, seli zake hazina nguzo hiyo ya pili. Lakini watu hao ni kama 1 kwa 100 kwa wenye asili ya Ulaya ya kaskazini. Kwetu Waafrika ni nadra mno. Na hata wao si salama kabisa, kwa kuwa viko virusi vinavyojifunga kwenye nguzo nyingine.

Kuna urithi mwingine, na huu uko karibu nasi zaidi. Umewaona akina mama wa Kibirizi wanavyoanika dagaa kwenye vichanja, mnunuzi akapita akikagua? Seli nayo hukata vipande vya protini zilizomo ndani yake na kuvianika juu yake, ili askari wa mwili wapite wakikagua. Vichanja vyake vinaitwa HLA, na aina zake tunazirithi kwa wazazi. Kuna kichanja kiitwacho HLA-B*57 ambacho huanika kipande cha kirusi ambacho kirusi hakiwezi kukibadilisha bila kujidhoofisha. Mwenye kichanja hicho anaweza kukaa miaka mingi virusi vikiwa vichache. Ila anaambukizwa kama wengine, na anaweza kuambukiza.

Jambo hili limeonekana mpaka hifadhi ya Gombe, hapo juu tu ziwani. Sokwe wa kule wana virusi vyao, SIV, ndugu wa VVU. (Chanzo cha VVU vilivyoenea duniani si Gombe, ni sokwe wa kusini mashariki mwa Kameruni.) Watafiti waliokota kinyesi na kukinga mkojo wa sokwe bila kuwagusa, wakapima. Mwaka 2009 walitangaza kwamba wenye virusi walikuwa katika hatari ya kufa mara 10 hadi 16 kuliko wasio navyo. Mwaka 2015 ikaonekana kwamba sokwe wenye kichanja kinachofanana na kile cha B*57 walikuwa na virusi vichache zaidi. Nilikaa maabara miaka 28 mwanangu, na habari hiyo bado inanisisimua: mnyama wa msituni na binadamu, na ulinzi wao unafanana hivyo.

Lakini hakuna kipimo cha kliniki yako kitakachokuambia ukoo wenu una nini, na hata kingekuwepo, mumeo hakuzaliwa kwenu. Mwili wake ndio unaokosa vidonge.

Basi fanya hivi. Leo jioni mkae, muhesabu pamoja vidonge vilivyobaki kwenye kopo, mlinganishe na tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Arudie dawa leo hii hii, wala asisubiri siku ya kliniki. Kesho mwende wote wawili. Mwambie nesi ukweli, siku ngapi zimerukwa, hatawafukuza. Aombe kipimo cha wingi wa virusi, nawe upime, uulize habari za dawa kinga, zile anazotumia asiye na VVU ili asiambukizwe. Mpaka majibu yake yarudi yakionyesha virusi havionekani, tumieni kondomu. Wifi naye mpe ukurasa huu ausome.