Mbunge wa jimbo Marekani akiacha kiti na kuwa lobisti: niliyoyaona nikiwa karani wake

Mkuu, swali lako la shemeji yako wa Tacoma nimelisoma jana usiku nikalala nalo. Unasema shemeji ana nyumba ya kulelea wazee, na yule mbunge aliyekuwa akiwatetea ameacha ubunge, sasa ni lobisti, analipwa na kampuni kuwashawishi wabunge kwenye korido zilezile. Unauliza kama hiyo si rushwa iliyovaa suti, na kama shemeji na wenzake wachange hela wamkodi. Wengi waliotangulia wamejibu kwamba ni rushwa tu, wazungu wameipa jina zuri. Mimi nimefanya kazi kwa mtu wa namna hiyo, kabla hajavuka na baada ya kuvuka, kwa hiyo mnivumilie, nitaandika kirefu.

Tacoma iko Washington, kwa hiyo kwanza tusichanganye. Hii si ile ya Ikulu ya Rais wao, ni jimbo la upande wa magharibi lenye Seattle, na makao makuu yake ni mji mdogo uitwao Olympia. Na "jimbo" hapa si jimbo la uchaguzi la kwetu. Ni kama nchi ndogo yenye bunge lake: Wawakilishi 98 na Maseneta 49. Mwaka wa witiri wanakaa siku 105, mwaka wa shufwa siku 60, halafu kila mtu anarudi kwake kuuza bima, kulima au kufundisha. Mshahara wa mbunge nilipoanza kazi ulikuwa dola 42,106 kwa mwaka, na ulikuwa hapohapo tangu 2008. Ukiibadili kwa shilingi unaona utajiri. Kwa mtu mwenye watoto wawili chuo, anayepanga chumba Olympia huku akilipia nyumba kwao, hiyo ni hela ya kufunga mkanda. Wanaokimbia ubunge wengi hawakimbii kwa tamaa ya ajabu, wanakimbia bili.

Nilianza 2013, katika jengo la O'Brien wanakokaa Wawakilishi, ofisi ndogo kiasi kwamba mgeni wa tatu alisimama mlangoni. Kazi yangu simu, barua pepe, ratiba, na kadi. Kila lobisti aliyeingia aliacha kadi yake. Bosi alikuwa na tabia moja: mgeni akishatoka, anageuza kadi anaandika nyuma kwa penseli. "Hadanganyi." "Dakika tano tu, usimpe kiti." "Mkewe anaumwa, muulize." "Alisema kura ziko 50, zilikuwa 46." Kisha anaitupa kwenye droo ya chini kulia. Mwisho wa mwaka wa pili droo haikufungika.

Mwaka 2014 hakugombea tena. Wiki ya kufungasha, vitabu vya sheria alivigawa na picha za ukutani akaziacha kwangu nimpelekee baadaye. Kitu alichobeba mwenyewe ni zile kadi, tulizihamishia kwenye boksi la viatu akaliweka kiti cha mbele cha gari. Nilicheka. Baadaye ndiyo nikaelewa kwamba mtaji wake wote wa biashara ulikuwa ndani ya boksi lile.

Januari 2015 akarudi, safari hii upande wa pili, na akaniomba nimfuate. Hakuna sheria iliyomzuia. Majimbo mengine yanamtaka mbunge akae pembeni kwanza: California mwaka mmoja, New York miwili, na Florida wananchi walipiga kura 2018 wakaweka miaka sita. Washington haikuwa na kizuizi hicho. Ndiyo maana hata 2019 Seneta Guy Palumbo aliweza kuacha kiti katikati ya muhula akaenda kuongoza masuala ya sera ya Amazon katika jimbo lilelile. Makelele yalipigwa, ila sheria hakuvunja. Unachotakiwa ni kujiandikisha kwenye tume ya uwazi, iliyotokana na kura ya wananchi ya 1972, na kila mwezi unajaza fomu: nani amekulipa, kiasi gani, umetumia nini kwa nani. Zile fomu nilizijaza mimi, mwisho tarehe 15, na ukichelewa wanakutafuta.

Sasa rushwa iko wapi? Nitakwambia nilichokiona kwa macho yangu. Kikao kikiwa kinaendelea mbunge haruhusiwi kuchangisha fedha za kampeni, na marufuku inaanza siku 30 kabla. Chakula cha bure kutoka kwa malobisti kiliwekewa kikomo cha milo 12 kwa mwaka, uamuzi wa bodi yao ya maadili mwaka 2014, baada ya waandishi kufichua jinsi baadhi yao walivyokuwa wakilishwa. Kwa hiyo bahasha ya kaki sikuiona, wala sitaizua ili kuwafurahisha.

Anachouza ni kujua. Mfano mmoja tu. Muswada ukitoka kwenye kamati yake hauendi moja kwa moja kupigiwa kura, unapita kamati ya Rules, yaani ya kanuni, na huko ndiko miswada inakozikwa kimyakimya bila mtu kusema hapana. Kila mjumbe wa kamati ile ana nafasi chache za kuvuta muswada anaoutaka uende kupigiwa kura. Mteja wetu alikuwa na muswada umelala pale, siku mbili kabla ya tarehe ya mwisho ya kuvuta miswada. Mteja alikuwa ameandika barua 200. Bosi akafungua boksi, akatoa kadi moja, akasoma nyuma. Asubuhi yake saa moja tulikuwa kwenye ngazi, bosi anamsubiri mama mmoja wa kamati ile. Bosi alijua mama huyo bado ana nafasi yake moja hajaitumia, na alijua aliwahi kukasirishwa na nani mwaka gani. Waliongea muda wa kupanda ngazi tu. Mchana muswada ulivutwa. Barua 200 sidhani kama kuna aliyezisoma.

Hapo ndipo penye harufu, mkuu. Hakuna aliyelipwa, lakini yule mama hakuwa na sababu yoyote ya kusimama na wewe au mimi kwenye ngazi zile. Na kikao kikishafungwa, marufuku ya michango inaisha, mialiko ya hafla za kampeni inamiminika kwenye ofisi za malobisti kama kadi za harusi mwezi wa kumi na mbili. Hulazimishwi kwenda. Bosi alikwenda zote.

Msidhani ni maisha ya raha lakini. Ukiwa lobisti huingii ukumbini. Unaandika kikaratasi, unampa bawabu wa mlangoni, anampelekea mbunge, na yeye akitaka anatoka. Mara ya kwanza nilisimama na bosi pale nje, juu yetu taa kubwa la kuning'inia la kampuni ya Tiffany, tani tano, chini marumaru tupu. Mbunge aliyemwandikia alikuwa amekaa kiti cha jirani na bosi miaka minne. Dakika 40. Alipotoka akamgonga bega, akasema "baadaye kidogo", akarudi ndani. Bosi akabaki anaangalia mlango. Kufika Februari alikuwa ameacha viatu vyake vya ngozi, anavaa vya soli ya mpira kama manesi.

Mwaka ule bajeti ilikwama, Wawakilishi wakiongozwa na chama cha Democrat na Seneti na chama cha Republican, ikabidi vikao vitatu vya dharura juu ya cha kawaida, jumla siku 176. Wateja wanalipa kwa mwezi na wanaanza kuuliza wanalipia nini. Nilijibu simu hizo hadi Julai.

Kilichonitoa mimi kazini ni faili. Bosi alipokuwa mbunge alikuwa amepinga kwa nguvu jambo moja ambalo kampuni kubwa ya kulea wazee ililitaka, akisema litawaua wenye nyumba ndogo, hawa kina shemeji yako, Wakenya na Waethiopia wenye wazee sita ndani ya nyumba. Hoja zake nilizichapa mimi, usiku, na kwa kweli nilijivunia. Mei 2015 kampuni hiyo ikawa mteja. Akaniambia nitoe lile faili la zamani. Nikadhani anataka kujikumbusha ili akatae kazi. Akalipitia kwa penseli, kando ya kila hoja yake akaandika jibu. Majibu mazuri kweli, kwa sababu hakuna aliyejua udhaifu wa hoja zile kuliko aliyezitunga. Nilimuuliza kama haoni shida. Akasema, "Nilikuwa nawakilisha watu, na sasa nawakilisha mteja," akaomba kahawa. Nilimaliza msimu nikaaga. Hatukugombana, hadi leo tunatumiana salamu za mwaka mpya.

Kwa hiyo kwa shemeji. Asimkodi peke yake, atafilisika. Wachange kupitia umoja wao. Na kabla ya kusaini chochote aingie kwenye tovuti ya tume, aandike jina la huyo mheshimiwa, orodha ya wateja wake wote itatokea bure. Akikuta kuna kampuni yoyote ya kulea wazee humo, amuulize ana kwa ana siku wakigongana atasimama wapi. Na awe anakwenda Olympia mwenyewe hata mara mbili kwa msimu, na mmoja wa wazee anaowalea kama afya inaruhusu. Wabunge wale wanakumbuka sura, mimi nilikuwa naziona zikiandikwa nyuma ya kadi. Achapishe kadi.