Ile Picha ya Melini

Kwanza, sijaolewa.

Huyo mzungu mwenye tai ya kipepeo, kwenye picha mnayorushiana tangu wiki iliyopita, ni mfanyakazi wa meli. Kazi yake, wallahi, ni kucheza dansi na akina mama waliosafiri bila waume. Wako kadhaa, jioni husimama kando ya ukumbi na suti zao nyeusi, muziki ukianza kila mmoja anamwinua mjane, ukiisha anamrudisha kitini kwa adabu na kumfuata mwingine. Alikuwa ametoka kucheza na Bibi ninayemtunza, mpiga picha akatusimamisha sote watatu kwenye ngazi. Bibi hakupenda alivyotokea, akaniambia nimkate. Ndiyo maana mnatuona wawili. Na gauni, nawashangaa shangazi zangu hamkulitambua: ni lile lile la harusi ya Kibokoni, nimeliongeza mikono na ushungi juu.

Niliposhuka na kuwasha simu nilikuta nusu yenu mmeniozesha na nusu mmenizamisha. Mpwa wangu peke yake ndiye aliyeuliza maswali ya maana: “Shangazi, mtu akikaa melini siku saba bila kuona nchi kavu, anafanya nini? Na kazi za humo zinapatikanaje?” Namjibu yeye. Wengine sikilizeni.

Mnajua riziki yangu Uingereza ni kutunza wazee. Bibi huyu amepita themanini, kumbukumbu zimeanza kumkimbia, na bintiye anayekaa Marekani alitaka akaishi naye. Daktari hakuridhika na mapafu yake kupanda ndege. Halafu kuna mbwa, na Bibi bila mbwa wake hasogei. Ndipo ikapatikana Queen Mary 2, meli inayovuka Atlantiki kati ya Southampton na New York na ambayo ina vibanda vya mbwa na paka. Binti akalipa tiketi tatu: ya mama, yangu, ya mbwa. Ya mbwa ndiyo iliyotusumbua, maana vibanda ni 24 tu na watu hukata mapema mno. Mimi juu yake nikaongeza viza ya Marekani na mahojiano ya ubalozini, ambayo mbwa alisamehewa.

Kwa hiyo nilikuwa abiria kwa tiketi, mtumishi kwa mkataba. Mkilijua hilo, mengine yote mtayaelewa.

Meli yenyewe iliundwa Saint-Nazaire, Ufaransa, na safari yake ya kwanza ya abiria ilikuwa Januari 2004. Urefu wake ni mita 345; panga viwanja vitatu vya mpira na bado kitabaki kipande. Ikijaa hubeba abiria zaidi ya 2,600, na wafanyakazi wake wanapita 1,200. Si meli ya kuzurura visiwani na kutia nanga kila asubuhi. Imechongwa omo yake, yaani mbele yake, kwa ajili ya kupasua mawimbi ya Atlantiki, na kati ya gati la Southampton na gati la Brooklyn haisimami popote. Maili za baharini zaidi ya 3,000, usiku saba. Kabla ya kuondoka kila mtu hufundishwa mahali pa kukimbilia na namna ya kuvaa jaketi la kuokolea. Bibi alilivaa lake akakataa kulivua mpaka wakati wa chakula.

Siku inapita vipi? Asubuhi saa kumi na mbili nilimwamsha, nikampa dawa, nikamwogesha. Bafu ni dogo, watu wawili mnazunguka kama kuku kwenye tenga. Kisha chai, kisha saa ya kumwona mbwa juu sitahani, ambapo wamesimamisha nguzo ya taa ya Kiingereza na bomba la zimamoto la Kimarekani ili mbwa wa pande zote mbili wajisikie nyumbani. Sifanyi mzaha. Nilishika kamba kwa mkono mmoja na Bibi kwa mkono wa pili, na nikirudi chumbani nilijitwahirisha, hamna haja ya kuniuliza hilo tena.

Baada ya hapo huwa tunatembea. Sitaha ya saba imezunguka meli nzima, na mizunguko mitatu inakaribia kilomita mbili. Bibi alimaliza nusu ya mmoja. Kuna maktaba kubwa ambayo madirisha yake yanatazama mbele kabisa, kuna mihadhara, kuna ukumbi ambamo unaegemea kiti na kuonyeshwa nyota darini. Niliingia usiku ambao nje mawingu yalikuwa mazito, nikaona nyota za kuwashwa kwa umeme katikati ya bahari. Saa tisa na nusu alasiri chai huletwa na wahudumu wenye glovu nyeupe, pamoja na skonzi za Kiingereza, si hizi zetu za kuchovya. Yetu ni bora, nasema bila haya.

Saa sita mchana sauti ya nahodha hutoka kwenye spika. Anataja mahali tulipo, upepo, na kina cha maji. Babu alipima kina kwa bildi na kamba, akahesabu pima kwa mikono; huyu anatwambia chini yetu kuna zaidi ya mita 4,000 huku watu wanakunywa supu. Siku moja akagusia kwamba hatukuwa mbali sana na ilipolala Titanic, ambayo iliondoka Southampton hiyo hiyo tarehe 10 Aprili 1912. Ukumbi ukanyamaza kidogo. Halafu vijiko vikaendelea.

Jambo ambalo sikuwahi kulifikiria ni saa. Southampton na New York zinapishana kwa saa tano. Ndege hukutupia zote kwa mkupuo. Meli hukugawia moja moja. Usiku mara tano tuliambiwa turudishe saa nyuma, kwa hiyo siku tano zilikuwa na saa 25 kila moja. Abiria walishangilia kupata usingizi wa ziada. Bibi hakuwa na habari na tangazo hilo, akaamka kwa saa za mwilini mwake: siku ya kwanza saa kumi na moja, ya pili saa kumi, ya tano tukawa macho saa saba za usiku tunatafuta miwani. Nami nililipwa kwa siku.

Mama, ulitaka kujua habari ya swala. Ukiwa Southampton kibla kiko kusini mashariki. Ukifika New York kiko kaskazini mashariki. Kwa maana hiyo kila siku kinasogea kidogo mkono wa kushoto, na katikati ya bahari kinakuwa mashariki hivi. Dira ya simu ndani ya chuma kile ilizunguka kama mwehu. Nikaacha dira nikatumia runinga ya chumbani, ambayo huonyesha ramani na upande meli inakoelekea. Meli inakwenda magharibi, basi nikaipa omo mgongo na kuelekea tezi, nyuma ya meli. Nilisali kasri kama msafiri, kati ya vitanda viwili, kichwa kikigusa sanduku la Bibi. Usiku wa dhoruba nilisali nimekaa.

Maana ilikuja. Siku ya tatu bahari ilibadilika rangi, milango ya kutokea nje ikafungwa, na mifuko ya karatasi ikachomekwa kando ya lifti. Meli ile ina mapezi ubavuni ya kutuliza mayumbo, na bado ilikwenda mrama. Tumezoea kusema fulani mambo yake yamekwenda mrama. Nilikuwa sijawahi kuusikia mrama wenyewe: sakafu inapanda kukufuata, inakukimbia, kuta zote zinalia kama kitanda cha kamba. Dawa waliyonipa ni tufaha la kijani na tangawizi. Nilitapika vyote. Bibi, ambaye asubuhi hakumbuki jina langu, alikaa kitini na kula biskuti akinitazama kwa huruma.

Chakula, nitasema haraka. Ni kingi kupita kiasi. Chajio tulikuwa na meza yetu ile ile kila siku, saa kumi na mbili jioni, watu wanane. Nilimwambia mhudumu usiku wa kwanza kuwa nyama isiyochinjwa kisheria sili, akaniletea samaki wiki nzima bila kuniuliza tena. Kijana wa Goa. Usiku wa nne akaja na kibakuli cha pilipili kutoka jikoni kwao wafanyakazi, akakiweka kimya kimya kando ya sahani yangu. Nilikaribia kulia mbele ya wazungu.

Wenzetu wa mezani walikuwa watu wazuri. Waliniuliza natoka wapi, mmoja akasema aliwahi kuja Mombasa kuona tembo. Lakini mlisema niseme kweli: mara mbili nilidhaniwa mhudumu. Mara ya kwanza nilieleza. Mara ya pili nilikwenda tu nikamletea mama wa watu chai yake, ilikuwa kazi ndogo kuliko maelezo.

Na kimya. Intaneti ya melini inalipiwa kando, nikaona heri pesa hiyo ibaki. Siku saba sikusikia Kiswahili isipokuwa changu mwenyewe nikinong'ona. Nilimfundisha Bibi kusema “pole”. Akawa anampa pole kila mtu, hata yule wa dansi.

Karibu na Newfoundland, kisiwa cha Kanada, tuliingia kwenye ukungu, huwezi kuona maji. Honi ikawa inapigwa kila baada ya dakika chache, mlio mzito ambao unausikia kifuani kabla ya masikio. Honi moja ya meli hii ilitolewa kwenye Queen Mary ya zamani, ile iliyofanya kazi kati ya 1936 na 1967 na ambayo sasa ni hoteli Long Beach, California. Bibi aliwahi kuvuka kwa meli hiyo ya zamani akiwa msichana. Iliposikika mara ya kwanza alisimama, akafungua kabati, akaanza kupanga nguo zake sandukuni. Akaniambia nifanye haraka, watatuacha. Nilizipanga na kuzipangua nguo zile mara nne siku hiyo.

Tulifika alfajiri. Watu walitoka sitahani na majoho ya kuogea juu ya nguo za kulalia, kuangalia meli ikipita chini ya daraja la Verrazzano. Unatazama bomba la moshi, unatazama daraja, unasema leo litagonga. Linapita kwa mita chache. Kisha sanamu ya Uhuru mkono wa kushoto, bado ina taa. Nilimfunika Bibi kwa leso yangu. Akauliza huyo mwanamke anangoja nani.

Sasa wewe uliyeuliza kazi. Nilizungumza na wafanyakazi kila nilipopata nafasi. Wengi niliokutana nao walikuwa Wafilipino na Wahindi. Mkataba ni wa miezi mfululizo, unalala chini ya maji chumba kimoja na mwenzako, halafu unarudi kwenu kupumzika bila kujua kwa uhakika utaitwa lini. Wapo wanaojenga kwa kazi hiyo, sikukatazi. Lakini anza na mafunzo ya msingi ya usalama baharini, hapo hapo Mombasa Bandari Maritime Academy wanayatoa. Na shika hili: mkataba wa kimataifa wa kazi za baharini wa 2006 unakataza baharia kutozwa ada ya kutafutiwa kazi. Cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti vinaweza kuwa gharama yako. Viza si gharama ya baharia. Wakala akikwambia weka laki moja mezani ndipo jina liingie kwenye orodha, ondoka hapo, tena usiage.

Yangu mimi yaliishia kwenye gati la Brooklyn. Foleni ya uhamiaji, alama za vidole, maswali matatu. Binti alikuwa nje. Alimkumbatia mama yake, mama yake akampa pole. Nikamkabidhi dawa zilizopangwa kwa siku, orodha ya vyakula asivyopenda, na kamba ya mbwa. Kesho yake nilipanda ndege kurudi London. Kwenda usiku saba, kurudi saa saba.

Nafikiri mmeshaelewa. Nilikuwa nimeivusha kazi yangu mwenyewe nikaiacha ng'ambo. Chumba nilichokuwa nakaa kilikuwa nyumbani kwa Bibi, na nyumba inauzwa. Kwa sasa nalala sebuleni kwa rafiki, wakala ananiambia kuna mzee Portsmouth huenda akanihitaji mwezi ujao. Picha aliinunua Bibi. Mimi nisingetoa pesa ile kwa karatasi.

Kwa hiyo ndugu yangu, ile habari ya mabati ya nyumba ya Kisauni: mwezi huu hapana. Funika kwa turubai.