Kasri ambalo vipande vyake vimezagaa mjini

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: "Ni sehemu gani ya kihistoria ambayo wageni wengi huipita, na wewe ungewashauri waingie?" Mimi nasema kasri la Gyeonghuigung, mjini Seoul, Korea Kusini.

Seoul ina makasri matano ya wafalme wa ukoo wa Joseon, waliotawala Korea zamani. Linalovuta umati ni Gyeongbokgung. Huko kuna foleni, mabasi ya watalii na vijana waliokodi hanbok, vazi la jadi la Kikorea, wapige picha (aliyevaa hanbok halipi kiingilio, na wenye maduka ya kukodisha wanalijua hilo vizuri sana). Ukitoka hapo, tembea kusini-magharibi kama dakika ishirini hivi. Gyeonghuigung huingii kwa tiketi, na unaweza kuzunguka ua mzima bila kupishana na mtu. Jumatatu tu ndiyo usiende, pamefungwa.

Watu hawaji kwa sababu vitu vya kuona ni vichache. Zamani majengo yalipita mia moja. Yaliyojengwa upya na kufunguliwa kwa umma mwaka 2002 ni machache, kubwa likiwa ukumbi wa kiti cha enzi, Sungjeongjeon. Kiwanja kingine kimechukuliwa na Makumbusho ya Historia ya Seoul. Rafiki niliyekwenda naye aliuliza, "Ndiyo haya tu?" Ndiyo haya tu. Ila ukishauliza mengine yalikwenda wapi, kisa kinanoga.

Mfalme Gwanghaegun alianza kulijenga mwaka 1617. Inasimuliwa kwamba alisikia eneo lile lina nguvu ya kutoa mfalme, nalo lilikuwa makazi ya ndugu yake wa kambo, Jeongwongun. Akalitwaa ili ajikinge. Mwaka 1623 akapinduliwa, na aliyekalia kiti ni Injo, mtoto wa Jeongwongun huyo huyo! Gwanghaegun alifia uhamishoni katika kisiwa cha Jeju mwaka 1641. Jabali linalohusishwa na nguvu hiyo bado lipo nyuma ya majengo, na limechongwa kijifereji cha kupitishia maji.

Kuhusu uharibifu, wengi huwatupia lawama zote Wajapani, waliokuja kuitawala Korea. Lakini miaka ya 1860, Gyeongbokgung lilipokuwa likijengwa upya, Wakorea wenyewe waliyabomoa majengo mengi ya hapa ili wapate vifaa. Wakoloni wakamalizia. Walijenga shule ya sekondari juu ya kiwanja, mwaka 1926 Sungjeongjeon likauzwa kwa hekalu la Kibudha, na mwaka 1932 lango kuu, Heunghwamun, likahamishwa kuwa lango la hekalu la kumuenzi Ito Hirobumi, aliyeiwakilisha Japani Korea kabla ya nchi kutwaliwa rasmi. Baadaye lango hilo likawa la Hoteli ya Shilla. Lilirudi mwaka 1988, na kwa kuwa pale lilipokuwa pameshajengwa, likasimikwa pembeni.

Kwa hiyo nawashauri msiishie kiwanjani. Sungjeongjeon halisi liko ndani ya Chuo Kikuu cha Dongguk, ni ukumbi wa ibada ya Kibudha uitwao Jeonggagwon. Nimeyaona yote mawili, na kwa jengo lenyewe nalichagua la chuoni. Mbao zake zimekula umri, na watu wanavua viatu mlangoni wanaingia kuomba. La kiwanjani rangi zake za kijani na nyekundu bado zinang'aa mno. Hata hivyo, ua wa kiwanjani hauna mpinzani. Mawe ya vyeo yamepangwa safu mbili, kila ofisa akijua jiwe lake la kusimama, na kwa kuwa ardhi ni ya mteremko, mapaa ya kumbi za pembeni yanapanda ngazi kwa ngazi hadi kwenye ukumbi mkuu.

Wapo wanaotaka kasri lirudishwe lote. Mimi naona makumbusho yabaki yalipo, na fedha zitumike kuweka vibao vinavyoeleza kila kipande kiko wapi leo.

Mwenye nafasi apande pia hadi Hwanghakjeong, chini ya mlima Inwang. Ni banda la kulengea mishale lililokuwa la kasri hili, likahamishiwa huko mwaka 1922. Wapiga upinde bado wanalitumia, na shabaha iko mita 145. Mimi kwa macho yangu niliiona kwa tabu, sembuse kuipiga.